Mafundo Saba ya Ndiga

Nijianze mwenyewe kabla sijaanzwa na wengine: katika habari hii mjinga ni mimi. Msihangaike kumtafuta mwingine. Kibiti bado wapo watu wanaoijua, na mmoja wao, Somoe, aliitangaza mwezi uliopita kwenye matanga ya kaka yake, mimi mwenyewe nimekaa pale pale jamvini na kofia yangu na bakora yangu, mzee wa watu mwenye heshima zake. Nilikuwa nimepigiwa simu alfajiri kwamba Shamte amefariki. Nikapanda gari hapa Ikwiriri, nikafika, tukazika. Sinia la wali likaletwa, nikanawa, nikanyoosha mkono. Mara nasikia sauti ya kike kutoka mlango wa uani: "Mshikeni miguu huyo! Mshikeni miguu kwanza, ndipo mumpe chakula!" Vijana wakaduwaa, bibi kizee mfiwa anamfokea mgeni msibani. Wazee wawili waliokaa karibu yangu wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa ncha za kanzu. Na mimi nikacheka, nifanyeje, lakini mkono niliokuwa nimeunyoosha niliurudisha mapajani.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa enzi ya Mwingereza, mimi niko darasa la nne. Kule kwetu deltani, kwenye mikoko, darasa hilo halikuwapo, ndiyo maana nikaletwa Kibiti kukaa kwa Bi Zuhura. Alikuwa mama wa Kimatumbi, mfupi, mwembamba, aliyewahi kusifika kwa vitumbua. Akiniita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, na akinisema kama mume kweli: mume wangu mvivu, mume wangu mlafi, mume wangu usiyeleta hata kuni. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, na ukuta wa udongo usiofika juu, kwa hiyo kila lililosemwa uani nililisikia nikiwa nimelala. Kikaango cha vitumbua kilining'inia ukutani, kikavu, buibui kajenga ndani. Maana mwaka ule mto ulipanda kabla mpunga haujakomaa, ukalala mashambani, na uliposhuka uliacha tope tupu. Bi Zuhura alipika ugali wa muhogo mara moja kwa siku, na mimi chini ya kitanda nilikuwa na mkoba wa papa mkavu niliotumiwa kutoka nyumbani, nikimega kidogo kidogo kama mwizi. Harufu yake ilijaa nyumba nzima. Bi Zuhura hakuniomba hata siku moja. Alisema tu, "Mume wangu, leo paka wa mtaa mzima wamekuja kukusalimia."

Alasiri wanawake wa jirani walikuja kukaa uani, na mimi nyuma ya ukuta masikio yamesimama. Siku moja nikamsikia mmoja anauliza, "Kwa mwenzetu yule wamepika leo?" Mwingine akajibu, "Moshi nimeuona." Wa kwanza akaguna: "Ah, hata mimi jana nilitoa moshi. Nilichemsha maji ya kuoga, jirani asije akanionea huruma." Mimi kitandani nikauma shuka nisicheke kwa sauti. Kesho yake nikaipeleka shuleni: jamani, Kibiti kuna mama anapika maji ya kuoga, watoto wanakula wameshika sabuni! Darasa likaanguka. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wenzangu wa bondeni waliniita Ngadu, kaa wa topeni, kwa vile nimetoka kwenye matope ya mikoko, na mimi badala ya kukasirika nikaamua kwamba ngadu huyu atawabana wote. Leo nikikaa na kulifikiria lile neno la yule mama, la moshi, mwili unanisisimka. Nililisikia neno kwa neno, mpaka naweza kulirudia hivi leo, na sikuelewa hata chembe.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Mhina, mtu wa Tanga, soksi zake zimevutwa mpaka magotini, fimbo yake ya mpera imelazwa juu ya rejista. Alitupenda, nadhani, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja unaoitwa wazo kuu. Kila aya, alisema, ina mambo mengi, lakini jambo moja ndilo limeifanya iandikwe, na mwanafunzi hodari hulichomoa hilo kama mtu anayechomoa mwiba. Akatusomea kitabuni habari ya mtoto wa Kizungu anayekunywa chai na mkate wa siagi, na yai, na jemu. "Wazo kuu?" Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, wazo kuu ni kwamba huko kwao wali haujafika." Hata yeye akageukia ubao kuficha meno. Wiki zile darasa lilikuwa limepungua. Kila asubuhi akiita majina anajibiwa, homa, homa, homa, na yeye anaandika. Shamte, niliyekaa naye dawati moja, alikosekana Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikasema homa ya mwaka huu ina akili, inawapata wale wasiojua hesabu. Wakacheka.

Jumatatu iliyofuata Shamte akarudi. Amekonda, miguu imepauka na kuota magaga kama ya mtu aliyeshinda majini, lakini nani aliitazama miguu yake? Mwalimu alikuwa ametuagiza kila mtu aandike aya ya sentensi sita juu ya chakula cha kwao, aisome, na wengine walichomoe wazo kuu. Shamte akasimama. Alikuwa na sauti ndogo, ya kujiombea radhi. Aya yake naikumbuka yote:

"Chakula chetu cha leo ni ndiga. Ndiga huchimbwa porini. Mama alizimenya na kuzikata nyembamba. Tuliziloweka mtoni siku mbili. Leo mchana zinapikwa. Somoe atakula kwanza, kwa sababu jana alilia."

Mwalimu hakuzijua ndiga, kwao Tanga labda zina jina jingine. Akauliza ndiga ni nini, akaambiwa ni viazi vya porini, vyenye miba kwenye mtambaa wake. "Haya, wazo kuu?" Kidole changu kilikuwa juu kabla hajamaliza. "Mwalimu, wazo kuu ni kwamba kina Shamte wanashindana na ngiri. Anayewahi kuchimba ndiye anayekula!" Lo, darasa! Walipiga madawati, mmoja akakoroma kama ngiri. Shamte naye alicheka, akakaa, akalikunja karatasi lake dogo sana. Mwalimu akanichapa fimbo moja ya mkono, nyepesi, halafu akaandika ubaoni kwa herufi nzuri: Watu wa Rufiji wanajua kuandaa chakula cha porini. Tukanakili. Saa sita tukaachiwa.

Nilifika nyumbani nikiwa bado nimelewa sifa. Bi Zuhura ameinama kwenye kinu anatwanga muhogo, na mimi nikaanza kumwigizia: nikamfanya Shamte, nikamfanya ngiri, nikamfanya Mwalimu na soksi zake. Alicheka kwenye ngiri. Nikaona nikirefushe kicheko, nikaisoma aya yote kwa ile sauti ndogo ya Shamte, tukaziloweka mtoni siku mbili, leo mchana zinapikwa. Mchi ukasimama hewani.

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Mume wangu, huu si wakati wa mchezo. Kasema siku ngapi?"

"Mbili, bibi. Kaandika. Mwalimu kaona."

Sijawahi kuuona uso ukibadilika namna ile. Aliuachia mchi ukaanguka wenyewe. "Lahaula! Watakufa! Ndiga hailiwi kwa siku mbili, wewe mtoto wa samaki! Ndiga ni siku saba kwenye maji yanayokimbia! Ukiila mbichi unalewa, unatapika, unakakamaa, basi! Mimi kwetu nimeosha watoto wawili wa nyumba moja!" Mtu wa deltani anajua pweza yupi hafai na kaa wa mwezi upi haliwi, lakini ndiga mimi nilikuwa naijua kwa jina tu. Kumbe lile jambo lililoifanya aya iandikwe lilikuwa sumu, limekaa katika sentensi ya nne, wazi kabisa, na mwalimu kalinakilisha darasa zima kama upishi. Na mimi nimelifanyia mzaha wa ngiri!

Kwa kina Shamte palikuwa mbali kidogo, unashuka mteremko wa kuelekea bondeni, mwendo wa chungu cha wali kuiva. Bi Zuhura alijifunga kanga kiunoni akakimbia. Bibi kizee anakimbia, watu wanatoka barazani wanauliza nani kafa, yeye anapita tu. Kwenye mteremko pumzi ikamwishia, akashika mti, akanisukuma mgongoni. "Tangulia, una miguu! Ukifika mwaga! Mwaga kwanza, salamu baadaye!" Kwa mtu wa pwani kuambiwa hivyo, salamu baadaye, ujue dunia imefika mwisho. Nikakimbia huku nalia. Nilikuwa namwona Shamte amekakamaa, na karatasi lake dogo mkononi.

Sikupiga hodi. Niliingia uani kama ng'ombe. Walikuwa wamekaa mkekani, Mama Shamte, Shamte na Somoe, mtoto wa miaka mitano hivi, tumbo mbele. Chungu kimeepuliwa, kimekaa juu ya ngata, na ugali laini wa ndiga unatoa mvuke kwenye bakuli la udongo. Somoe alikuwa ameshika tonge, analipuliza lipoe. Nikampiga mkono, tonge likaruka. Nikalipiga teke bakuli. Halafu, nisije nikaambiwa sikumaliza kazi, nikakipiga teke chungu, kikabingirika, kikapasukia kwenye mafiga, na ugali wote ukaingia kwenye majivu na mchanga.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mama Shamte alibaki ameinua mkono wake wa kulia, ameshanawa, maji yanadondoka vidoleni. Kisha akamuuliza mwanawe polepole, "Huyu ni yule rafiki yako? Ana mashetani?"

"Sumu!" nikasema. "Mmekula? Nani kala? Tapikeni!"

Bi Zuhura akaingia, mkono kifuani. "Wamekula?"

"Bado," nikasema kwa fahari, haki ya Mungu, kwa fahari. "Nimewahi."

Bi Zuhura akakaa chini palepale. "Mwanangu," akamwambia Mama Shamte, "njaa ni mbaya, naijua, lakini siku mbili? Ulitaka kuwaua watoto?"

"Siku mbili nani kasema?"

"Shamte kaandika!" nikasema. "Kasoma mbele ya darasa!"

Mama Shamte akamtazama Shamte. Shamte akautazama mchanga. Na kwenye mchanga ule jogoo wa jirani alikuwa ameshafika. Alidonoa mara ya kwanza, sote tukamtazama. Akadonoa tena. Tulikaa watu watano tunamtazama jogoo anakula, tunamngoja afe. Alikula kwa utaratibu, akabagua mkaa, akachagua penye ugali. Akasugua mdomo wake ardhini, huku na huku. Akasimama kwenye kipande cha chungu, akajikung'uta mabawa, akawika.

"Yule kuku anakula changu," Somoe akasema.

Mama Shamte akaingia ndani. Akatoka na kamba ya ukindu, ile iliyofungia kikapu mtoni, akamwekea Bi Zuhura mapajani. Kila asubuhi iliyopita juu ya ndiga ilifungwa fundo moja. Bi Zuhura aliyapitisha mafundo vidoleni kama mtu anayevuta tasbihi. Akafika mwisho, akarudia. Saba. Akaokota kidonge kilichochanganyika na majivu, akakitia mdomoni, akakitafuna na mchanga wake, taratibu, macho ameyafumba. "Tamu," akasema. Halafu akajifunika uso na kanga. "Tamu kabisa. Ya Rabi, nimekosa. Nimemsikiliza mtoto mchekeshaji."

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Sikujua mtu akishafanya jambo kama lile anaweka wapi mikono yake. Mama Shamte alianza kuokota vipande vya chungu, kimoja kimoja, anavipanga vizuri kana kwamba vitaungwa, na Somoe akanisogelea mpaka karibu kabisa, akaniangalia kutoka chini, akauliza kwa adabu zote: "Kaka, na kesho utakuja tena?"

Jioni ile nilitoa papa wote chini ya kitanda, Bi Zuhura akagawa unga wake wa muhogo nusu kwa nusu, tukawapelekea. Mama Shamte alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsanteni, na hakuniangalia. Kesho yake akaingia porini kuchimba upya, mimi nyuma yake na jembe. Ndiga zina miba, nilichanika mikono yote, na kila nikiguna yeye anasema tu, "Taratibu, baba." Ningependa angenitukana. Tukamenya, tukakata, tukajaza kikapu, na Shamte akaniambia, kama unataka kusaidia kweli, njoo tukalinde. Nikauliza tukalinde nini. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni. "Ndiga, Ngadu. Zinaibwa."

Nikashuka naye mtoni. Na hapo nikapata mshtuko wa pili, mkubwa kuliko wa jogoo. Kandokando ya maji, kwenye kila kivuli, amekaa mtoto na kikapu chake kimezamishwa kwa mawe, miguu majini, fimbo mkononi. Mmoja baada ya mwingine nikawatambua. Ni darasa letu. Ni zile homa zote. Yule mama wa maji ya kuoga, mwanawe alikuwa pale. Yule aliyekoroma kama ngiri alikuwa pale, ana kikapu kikubwa kuliko cha Shamte. Mtu akiondoka anakuta mawe matupu, na mama yake nyumbani anangoja, kwa hiyo hawakuondoka, siku saba, na mvua ikinyesha. Siku ya nne Mwalimu Mhina mwenyewe alitokea, fimbo mkononi, amechoshwa na homa, kaamua kuwafuata wagonjwa majumbani mpaka akaelekezwa huku. Watoto waliinuka wote kwa hofu lakini hakuna aliyekimbia, maana ukikimbia unaacha kikapu. Alitembea ukingoni taratibu, akivitazama vikapu na majina yake ya rejista. Mwisho akakaa kwenye jiwe karibu yetu, akavua viatu, akavua zile soksi, akatia miguu majini. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe homa yenyewe ndiyo hii." Tangu siku ile, kila alipoita majina na mtu akajibu homa, aliandika yupo.

Siku ya saba asubuhi nilipewa heshima ya kulifunga fundo la mwisho. Nililikaza kwa meno. Maji yalikuwa baridi, ukungu haujaondoka, Shamte amekaa kando yangu anajikuna miguu iliyolowa. Nilikuwa na swali moja wiki nzima na sikupata pa kuliingizia. Nikamuuliza kwa nini aliandika mbili. Akasema Jumamosi na Jumapili hakuna shule, basi siku mbili ndizo alizoweza kuzitaja. Angeandika saba Mwalimu angejua kwamba hakuwa na homa, angechapwa, na mama yake angeitwa shuleni mbele ya watu kuulizwa kwa nini mtoto analinda mizizi. Nikasema sawa, Mwalimu umemficha, lakini mimi je? Tunakaa dawati moja. Ungeninong'oneza mimi tu, pembeni, kwamba ni saba, chungu kingekuwa kizima na Somoe angekula.

Shamte alikivuta kikapu, akatoa kipande kimoja, akakiuma, akaonja, akatema, akatikisa kichwa kwamba tayari. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Ningekuambia wewe," akasema, "ungelipeleka darasani. Wangecheka wote. Na mimi ingenibidi nicheke."